Gniezno: Mji wa Fimbo ya Askofu na Taji la Mfalme



Kila mwaka ifikapo tarehe 23 Aprili, kalenda ya Liturujia inatuwekea mbele wafiadini wawili ambao kumbukumbu zao ni za hiari: Mtakatifu Georgi, na Mtakatifu Adalbert, Askofu. Wa kwanza anajulikana sana kwa picha yake ya farasi na joka. Wa pili tunampita haraka, pengine kwa sababu jina lake ni geni masikioni mwetu. Lakini huko Poland yeye ni msimamizi wa taifa zima, na kaburi lake ndilo lililoufanya mji wa Gniezno uitwe chimbuko la Kanisa la nchi hiyo.

Katika makala hii tunautazama mji huo tukiwa na swali moja mkononi. Ni swali ambalo Kanisa limeishi nalo tangu enzi za Kaisari Konstantino: askofu aliyeketi kwenye kiti chake kwa ridhaa ya mtawala, je, anaweza kumwambia mtawala huyo “hapana”? Historia ya Gniezno inalijibu swali hilo vizuri kuliko vitabu vingi.

Kiota cha tai

Gniezno uko magharibi mwa Poland, mashariki ya jiji la Poznań, umbali wa kilometa 50 hivi. Ni mji mdogo wa vilima na maziwa, na wakazi wake hawafiki laki moja. Jina lake linahusishwa na neno la Kipolandi lenye maana ya kiota. Simulizi la wazee wa huko linasema kwamba Lech, baba wa kabila, aliona tai mweupe akiwa kiotani juu ya mti, akaamua kujenga makazi yake hapo. Hadi leo tai mweupe ndiye aliye kwenye nembo ya taifa la Poland.

Tukitoka kwenye simulizi na kuingia kwenye historia, tunakutana na mtawala Mieszko I. Mwaka 965 alimwoa Dobrawa, binti wa mtawala Mkristo wa Bohemia, nchi ambayo leo ni sehemu ya Ucheki. Mwaka uliofuata, 966, Mieszko akabatizwa. Wapolandi wanauhesabu mwaka huo kuwa mwaka wa ubatizo wa taifa lao. Tangu mwanzo, basi, imani iliingia kwa njia mbili kwa pamoja: kupitia familia na kupitia ikulu. Si jambo la kuonea haya, ila tulikumbuke tunapoendelea, maana njia ya ikulu ina miiba yake.

Askofu aliyefukuzwa na dhamiri

Mtakatifu Adalbert hakuwa Mpolandi. Alizaliwa takribani mwaka 956 huko Libice, Bohemia, katika ukoo wa Slavník uliokuwa na nguvu kubwa. Jina lake la kwanza lilikuwa Vojtěch, ambalo Wapolandi hulitamka Wojciech. Alisoma Magdeburg, Ujerumani, na huko akachukua jina la Askofu Mkuu Adalbert aliyempa Kipaimara. Mwaka 983, akiwa bado kijana wa miaka ishirini na kitu, akawa Askofu wa Prague. Kama ilivyokuwa desturi ya wakati ule, fimbo yake ya kichungaji alikabidhiwa na Kaisari Otto II.

Kazi ya Prague ilimshinda. Hakushindwa kwa uvivu. Watu walikuwa wamebatizwa, lakini maisha yao yalibaki vilevile: wanaume walioa wake wengi, na Wakristo waliuzwa utumwani huku wakubwa wa nchi wakinufaika na biashara hiyo. Adalbert alikemea, hakusikilizwa. Akaondoka kwenda Roma, akawa mtawa katika monasteri ya Watakatifu Bonifasi na Aleksi kwenye kilima cha Aventino. Akarudishwa Prague mwaka 992, kisha akaondoka tena. Mwaka 995 maadui wa ukoo wake waliivamia Libice na kuwaua ndugu zake waliokuwamo. Sasa hakuwa na nyumba wala jimbo la kurudi.

Ndipo alipofika Poland kwa mtawala Bolesław Chrobry, mwana wa Mieszko, akaomba kwenda kuwahubiria Waprusi, watu waliokaa pwani ya Bahari ya Baltiki na ambao walikuwa bado hawajaipokea Injili. Alifuatana na Radim, ndugu yake kwa baba, ambaye katika utawa aliitwa Gaudentius, pamoja na mwenzao Benedict. Utume wao ulikuwa mfupi mno. Tarehe 23 Aprili 997 Adalbert aliuawa. Wenzake wawili walipona, wakarudi na habari.

Kadiri ya mapokeo, Bolesław aliununua mwili wa mfiadini huyo kwa dhahabu yenye uzito sawa nao, akauzika Gniezno. Mwaka 999 Papa Sylvester II alimtangaza kuwa mtakatifu. Tazama jinsi Mungu anavyofanya kazi: mgeni aliyeshindwa nyumbani kwake, aliyeuawa kabla hajapata waongofu wengi, ndiye aliyekuwa msingi wa Kanisa mahalia la nchi nyingine.

Kaisari miguu mitupu

Mwaka 1000 mji huo ulipata mgeni ambaye haukuwahi kumtarajia. Kaisari Otto III, aliyekuwa rafiki wa Adalbert, alitoka Roma kwenda kuhiji kwenye kaburi lake. Thietmar, Askofu wa Merseburg aliyeandika habari za miaka ile, anasimulia kuwa Kaisari alipouona mji kwa mbali alivua viatu, akaingia akitembea miguu mitupu huku akisali.

Hija hiyo ilikuwa sala, na pia ilikuwa siasa. Gniezno ikatangazwa kuwa Jimbo Kuu, likiwa na majimbo ya Kraków, Wrocław na Kołobrzeg chini yake. Askofu Mkuu wa kwanza akawa Gaudentius, yule ndugu aliyeshuhudia kifo cha mfiadini. Jambo hili lilikuwa na uzito mkubwa. Upande wa magharibi kulikuwa na Magdeburg, Jimbo Kuu la Wajerumani lililoundwa mwaka 968 kwa ajili ya watu wa Kislavoni. Kwa kupata Askofu Mkuu wake, miaka 34 tu baada ya ubatizo wa Mieszko, Kanisa la Poland lilisimama kwa miguu yake likiwa limeungana moja kwa moja na Roma.

Otto alimvika Bolesław taji lake mwenyewe kichwani kama ishara ya urafiki, akampa pia nakala ya Mkuki wa Mtakatifu Mauritius. Bolesław naye akampa masalia ya mkono wa Mtakatifu Adalbert. Thietmar hakufurahishwa, aliona Kaisari amemfanya mlipa kodi kuwa bwana. Mwaka 1025 Bolesław akatawazwa kuwa mfalme wa kwanza wa Poland, na wafalme wengine kadhaa walipokea taji katika Kanisa Kuu la Gniezno baada yake, hadi mwaka 1300.

Hata hivyo utukufu huo haukudumu bila misukosuko. Mwishoni mwa miaka ya 1030 nchi iliingia katika machafuko, makanisa yakaharibiwa, na mtawala wa Bohemia, Bretislaus, akauteka Gniezno na kuchukua masalia ya mtakatifu kuyapeleka Prague. Mwandishi wa kale anayejulikana kwa jina la Gallus anasema wanyama wa porini walifanya malalo yao ndani ya Kanisa Kuu. Mpaka leo miji yote miwili, Prague na Gniezno, inaheshimu masalia ya Adalbert.

Milango inayohubiri

Kanisa Kuu tunaloliona leo, lililowekwa chini ya ulinzi wa Bikira Maria Mpalizwa, lilianza kujengwa mwaka 1342 kwa mtindo wa Kigothi, wakati wa Askofu Mkuu Jarosław Bogoria Skotnicki. Ndani yake kuna sanduku la fedha la masalia ya mtakatifu, kazi ya fundi Peter van der Rennen wa Gdańsk, ya mwaka 1662. Lakini hazina kubwa kuliko zote ni ya zamani zaidi: milango miwili ya shaba nyeusi iliyotengenezwa katika nusu ya pili ya karne ya 12.

Milango hiyo ina picha 18 zinazosimulia maisha ya Mtakatifu Adalbert. Mtazamaji anaanza chini kwenye mlango wa kushoto, anapanda hadi juu, kisha anahamia mlango wa kulia na kushuka hadi chini. Mlango wa kushoto unaonesha kuzaliwa kwake, masomo na uaskofu. Mlango wa kulia unaonesha safari ya kwenda kwa Waprusi, mahubiri, Misa yake ya mwisho, kifo chake, tai akiulinda mwili, Bolesław akiununua, na hatimaye mazishi ya Gniezno. Kwa watu wengi wa karne ile ambao hawakujua kusoma, milango hii ilikuwa katekisimu ya shaba.

Tunakuomba, msomaji, usimame nasi mbele ya picha mbili za mlango wa kushoto. Katika ya kwanza, Kaisari ameketi kwenye kiti cha enzi, na Adalbert anapokea kwake fimbo ya kichungaji. Picha hiyo ilipotengenezwa, Kanisa lilikuwa limeshapigana kwa miaka mingi kuhusu jambo hilohilo: nani ana haki ya kumkabidhi askofu alama za daraja lake? Mapatano ya Worms ya mwaka 1122 yalikuwa yameamua kuwa pete na fimbo haviwezi kutoka mkononi mwa mfalme. Hata hivyo fundi hakuificha historia. Aliionesha kama ilivyokuwa.

Tukipanda juu kidogo tunaona kwamba Kristo anamtokea Adalbert usingizini. Maandiko ya kale ya maisha yake yanaeleza kuwa Bwana alimlalamikia kwamba anauzwa tena, yaani anauzwa katika Wakristo wanaopelekwa utumwani, huku askofu wake amelala. Na picha inayofuata ndiyo ya pili tunayoitaka: Adalbert amesimama mbele ya mtawala wa Bohemia, Boleslaus II, ambaye si yule Bolesław wa Poland, akimwomba watumwa waachiliwe. Wafanyabiashara walioko kwenye picha wameoneshwa kuwa Wayahudi, na hapo hatuna budi kukiri kwamba sanaa ya zama zile mara nyingi ilipenda kuwabebesha Wayahudi lawama ya wengi. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake Nostra Aetate la mwaka 1965, ulitufundisha kuikataa roho hiyo. Lakini tazama askofu anaongea na nani. Anaongea na mtawala Mkristo, aliyebatizwa, mwenye uwezo wa kuikomesha biashara hiyo.

Fimbo ni ileile. Imetoka mkononi mwa mwenye enzi, na sasa imesimamishwa mbele ya mwenye enzi kwa ajili ya wasio na sauti. Hilo ndilo jibu la milango ya Gniezno kwa swali letu: mkono uliokupa fimbo hauondoi wajibu unaokuja na fimbo hiyo.

Kiti chenye majaribu

Ni rahisi kusema hivyo, kuishi ndiyo kazi. Katika karne ya 15 Askofu Mkuu wa Gniezno alipata cheo cha Primati wa Poland, yaani askofu wa kwanza kwa heshima kati ya wenzake. Wa kwanza kukishika alikuwa Mikołaj Trąba. Baadaye, Poland ilipoanza kuwachagua wafalme wake kwa kura, Primati ndiye aliyeshika nafasi ya mfalme tangu kifo cha mmoja hadi kuchaguliwa kwa mwingine. Askofu akawa karibu na kiti cha enzi kuliko mtu mwingine yeyote.

Ukaribu huo haukuzaa mashujaa tu. Mwaka 1767 Gabriel Podoski alipata kiti cha Gniezno kwa msaada wa balozi wa Urusi, na historia inamkumbuka kama mtu aliyeitumikia Urusi kuliko nchi yake. Tunamtaja kwa sababu ukweli wa historia unatulinda tusifikiri kwamba kiti kitakatifu humtakasa kila anayekikalia. Muda si mrefu majirani watatu, yaani Urusi, Prussia na Austria, waliigawana Poland. Gniezno ikaangukia kwa Prussia mwaka 1793, na kuanzia mwaka 1795 hadi 1918 hapakuwa na dola la Poland kwenye ramani.

Hapo ndipo anapoingia Mieczysław Ledóchowski, aliyekuwa Askofu Mkuu wa Gniezno na Poznań tangu mwaka 1866. Serikali ya Prussia ilimkubali ikiamini kwamba hataleta matatizo, na kweli mwanzoni alikuwa mtu wa maelewano. Mambo yalibadilika Kansela Bismarck alipoanza kulibana Kanisa. Serikali iliagiza dini ifundishwe kwa Kijerumani mashuleni. Ledóchowski akaelekeza kuwa watoto wa madarasa ya chini wafundishwe imani kwa lugha ya mama zao, Kipolandi. Mwaka 1873 zikaja Sheria za Mei, zilizotaka malezi na uteuzi wa mapadre viwe chini ya usimamizi wa serikali. Waliojiandaa kwa upadre walitakiwa kufanya mtihani wa serikali katika falsafa, historia na fasihi ya Kijerumani. Sisi tunaosoma falsafa tunajua thamani yake. Lakini falsafa inayotumika kuchuja nani amhudumie Mungu na nani asimhudumie imeshaacha kuwa upendo wa hekima.

Ledóchowski alikataa. Februari 1874 alikamatwa na kufungwa Ostrów kwa miaka miwili. Akiwa gerezani, mwaka 1875, Papa Pio IX alimteua kuwa Kardinali.

Hapa Gniezno inatugusa hata sisi. Baada ya kifungo Ledóchowski alikwenda Roma, na kuanzia mwaka 1892 hadi 1902 aliongoza Propaganda Fide, idara iliyosimamia utume wa Kanisa katika nchi za misioni. Hiyo ndiyo miaka ambayo Mapadre wa Roho Mtakatifu, Mapadre Weupe na Wabenediktini walikuwa wakipanda imani Afrika Mashariki. Wa ukoo wake huohuo, Mwenye Heri Maria Teresa Ledóchowska, aliguswa na wito wa Kardinali Lavigerie dhidi ya biashara ya utumwa, na mwaka 1894 akaanzisha shirika la Mtakatifu Petro Klaveri kwa ajili ya kusaidia misioni za Afrika. Hakuwahi kukanyaga bara letu, lakini alichapisha katekisimu na vitabu vya imani katika lugha za Kiafrika. Papa Paulo VI alimtangaza Mwenye Heri mwaka 1975. Tukikumbuka ile picha ya shaba, askofu akiwaombea watumwa, hatuwezi kuona kuwa ni jambo dogo.

“Hatuwezi”

Katika Vita Kuu ya Pili Wanazi walilifunga Kanisa Kuu la Gniezno kwa ibada na kuligeuza ukumbi wa muziki. Mwaka 1945 likaungua kwa mizinga ya jeshi la Kisovieti. Baada ya vita ikaja serikali ya kikomunisti. Mwaka 1948 Stefan Wyszyński akawa Askofu Mkuu wa Gniezno na Warsaw, na hivyo Primati.

Wyszyński naye hakuanza kwa ugomvi. Aprili 1950 maaskofu walitia sahihi mapatano na serikali, na wapo walioona kuwa wamelegea mno. Kwake yeye, amani iliyowezekana ilikuwa bora kuliko ufiadini wa kutafutwa. Lakini Februari 1953 serikali ilitoa amri ya kujipa mamlaka juu ya uteuzi wa nafasi za Kanisa. Mei mwaka huo maaskofu waliijibu kwa waraka unaojulikana kwa maneno yake mawili ya Kilatini, Non possumus, yaani hatuwezi. Usiku wa tarehe 25 Septemba Wyszyński alikamatwa, akazuiliwa bila kesi hadi Oktoba 1956.

Kutoka kizuizini aliandaa taifa kwa miaka elfu moja ya ubatizo. Mwaka 1966 sherehe hizo zilianzia Gniezno. Serikali ilimnyima Papa Paulo VI ruhusa ya kufika. Miaka 13 baadaye, Jumapili ya Pentekoste, tarehe 3 Juni 1979, Papa mwenye damu ya Kipolandi alisimama mjini hapo. Yohane Paulo II alizungumzia umoja wa kiroho wa Ulaya, mashariki na magharibi, wakati bara hilo lilikuwa bado limegawanywa kwa kuta na nyaya. Alirudi tena tarehe 3 Juni 1997, miaka elfu moja tangu kifo cha Adalbert, na safari hii marais wa nchi saba walikuwapo, wakiwamo wa Ujerumani, Ucheki na Ukraine. Kaburi la mgeni mmoja lilikuwa limewakusanya waliokuwa maadui.

Tunabaki na nini?

Tukiwatazama Adalbert, Ledóchowski na Wyszyński kwa pamoja, tunaona mfanano. Hakuna hata mmoja aliyeanza kwa kumpinga mtawala. Wa kwanza alipokea fimbo kwa Kaisari, wa pili alikubalika kwa serikali, wa tatu alitia sahihi mapatano. Wala hakuna aliyesema “hapana” kwa ajili ya heshima yake binafsi. Adalbert aliisema kwa ajili ya watumwa, Ledóchowski kwa ajili ya watoto na imani yao, Wyszyński kwa ajili ya uhuru wa madhabahu.

Kwa hiyo Kanisa halilazimiki kuchagua kati ya kuwa rafiki wa dola na kuwa adui wake. Linachotakiwa kujua ni mahali pa mpaka. Mpaka huo unaonekana pale mtu anapouzwa, mtoto anapozuiwa kumfahamu Mungu kwa lugha anayoielewa, au altare inapotaka kugeuzwa ofisi ya serikali. Anayejiandaa kuwa padre hawezi kusubiri mpaka siku ya jaribu ndipo ajifunze kuuona. Dhamiri hulelewa mapema, katika masomo, katika sala, na katika mambo madogo ambayo hakuna mtu anayetutazama.

Leo Askofu Mkuu wa Gniezno na Primati wa Poland anaitwa Wojciech Polak, jina lilelile la mfiadini. Milango ya shaba ingali mahali pake. Tarehe 23 Aprili ijayo, kumbukumbu ya Mtakatifu Adalbert itakapopatikana kwenye kalenda, tusiipite haraka. Tuwaombee maaskofu wetu, na watawala wetu pia, ili kila mmoja aujue mpaka wake.

Mtakatifu Adalbert, Askofu na Mfiadini, utuombee!